Kigumba, Gololi, Risasi: Karne za Uwindaji Nyuma ya Malindi na Kilifi

Mwaka 1154 Al-Idrisi, mwanajiografia wa mfalme Roger wa Sicily, aliandika juu ya Malindi mambo mawili ambayo wasomaji huyapita haraka. La kwanza, kwamba wakazi wake ni wawindaji, wa bara na wa bahari. La pili, kwamba wana machimbo ya chuma, na chuma ndicho kinachowapa faida kuliko biashara nyingine yoyote. Mwenyewe hakuwahi kufika huku, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama mji alioueleza ni Malindi hii hii tuijuayo. Hata hivyo, uwindaji na chuma kukaa kwenye ukurasa mmoja si ajabu. Mwindaji hahitaji chuma kingi. Anahitaji kipande cha kuenea kiganjani, na kipande hicho ndicho kinachoamua kama mnyama atalala chini au atakwenda zake na jeraha.

Tumezoea kusifu chombo. Tunasema upinde wa fulani, gobori la babu fulani, bunduki ya mzungu fulani. Ukiifuata historia ya nyika iliyo nyuma ya Kilifi na Malindi utaona kwamba aliyekula nyama ni yule aliyejua kuchagua kile kinachotangulia mbele na kumgusa mnyama, awe na upinde au awe na bunduki ya maelfu ya pauni.

Pembe zilikuwa zikitoka pwani hii kabla ya Al-Idrisi kwa miaka elfu moja. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja pembe za ndovu na za kifaru zikitoka Azania, huku mikuki, mashoka na visu vikiletwa kutoka bandari ya Muza, Yemen. Al-Masudi, katika karne ya 10, anaeleza pembe zikienda Omani, kisha India na China. Maelezo ya waandishi hawa wote yaliishia forodhani. Aliyemuua ndovu hawakumwona, kwa sababu alikuwa mwendo wa siku kadhaa ndani, huko Dakatcha, Chakama na ng'ambo ya mto Galana.

Huyo alikuwa Mwaata. Majirani waliwaita Waata pia Waliangulu au Wasanye. Hawakufuga wala kulima kwa kiasi cha kujitegemea. Waliwinda, na mnyama wao mkuu alikuwa ndovu. Uta wa Mwaata unakaribia kimo chake. Maafisa wa wanyamapori walipozipima nyuta hizo katikati ya karne iliyopita, walikuta kuna zilizotaka nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuzivuta, sawa na nyuta za vita za Waingereza wa zama za kati. Wageni waliandika sana juu ya nguvu hiyo. Lakini nguvu haiui ndovu. Kazi yake ni kufikisha kigumba chembamba cha chuma ndani ya ngozi nene, basi. Kinachoua kimepakwa nyuma ya kigumba.

Sumu hutokana na mti wa msunguti, na waliobobea kuipika na kuiuza walikuwa Wagiriama, waliouziana na Waata kwa nyama na pembe. Kiini chake ni kemikali ambayo Arnaud, mkemia wa Ufaransa, aliitenga mwaka 1888 na kuipa jina la ouabain, jina lililotoka kwa Wasomali. Inafanya kazi kwenye moyo, na kwa kipimo kidogo madaktari wa Ulaya waliitumia kutibu wagonjwa wa moyo. Mwaata hakuhitaji maabara kujua kama aliyouziwa ni kali au ni ya kudanganyia. Alijichanja kidogo mkononi, akaiacha damu iteremke, kisha akagusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi, mbali na jeraha. Damu hugeuka nyeusi, na weusi ule hupanda juu. Ukipanda mbio, sumu ni nzuri. Ukipanda kwa kusuasua, mwuzaji arudishiwe mali yake. La muhimu ni kuufuta kabla haujafika penye jeraha.

Tazama ufundi uliofuata. Sehemu iliyopakwa ilifungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, usiofunguliwa mpaka mnyama aonekane, ili sumu isikauke na mwindaji asijidunge. Manyoya ya tai yalikaa nyuma kuunyoosha mshale. Kigumba kilitiwa alama ya mwenyewe, ili ndovu akifia mbali pasiwe na ugomvi wa pembe. Mwaata alinyemelea hadi hatua chache tu, akalenga sehemu laini ya tumbo badala ya mifupa. Sumu ikiwa mbichi, ndovu hakufika mbali. Uzito wa kigumba, ukali wa sumu, umbali na mahali pa kulenga vilikuwa hesabu moja, na mtu aliyebadilisha kimoja alilazimika kuvipima upya vyote. Mafundi wa risasi wa leo hufanya hesabu hiyo hiyo kwa mizani.

Bunduki ilifika Malindi na Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Aprili 1498, akapokewa vizuri, na kwa karne iliyofuata Malindi na Ureno zilikuwa kitu kimoja dhidi ya Mombasa. Ila usidhani kwamba baruti ilifuta mshale mara moja. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji kutoka kusini waliokwisha kuiangamiza Kilwa na kuingia Mombasa, walifika Malindi. Ndani ya mji palikuwa na Wareno kama thelathini na bunduki zao. Waliouokoa mji ni Wasegeju, wapatao 3,000, waliowatokea Wazimba kwa nyuma. Bunduki za wakati ule zilijazwa polepole, zilikataa mvua, na gololi yake ilikwenda ipendako baada ya hatua hamsini. Kwa vita vya mjini zilitisha. Kwa kumvizia ndovu kichakani zilikuwa kelele tu.

Gobori lilianza kuwa silaha ya mwindaji katika karne ya 19, Unguja ilipogeuka soko kubwa la bunduki zilizochakaa za majeshi ya Ulaya. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Wamazrui wa Takaungu walikuwa nazo, mashamba ya Malindi na Mambrui yalilindwa kwazo, na misafara ya pembe haikutoka bila hizo.

Mwenye gobori alikuwa mtengenezaji wa risasi zake mwenyewe, apende asipende. Vifaa vyake vilikuwa pembe ya baruti, mdeki, vitambaa na kalibu. Kalibu ni koleo lenye mashavu mawili yaliyochongwa shimo katikati. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, hivyo moto wa makaa unatosha. Unamimina, unangoja kidogo, unafungua, gololi inadondoka ikiwa na kimkia ambacho hukatwa kwa kisu. Sasa uchaguzi unaanza. Gololi ikiwa kubwa kuliko ilivyopasa, inakwama katikati ya mtutu. Ikiwa ndogo mno, moto wa baruti unapita pembeni na gololi inatoka ikiyumba. Iliyo sawa ni ndogo kidogo kuliko mtutu, ikavikwa kitambaa kilichopakwa mafuta na kusukumwa kwa mdeki. Kwa paa na kanga wa mwitu walitia marisau. Kwa ndovu, madini haya ni laini mno, hujibamiza kama chapati kwenye mfupa wa fuvu. Ndiyo maana wawindaji wakubwa wa enzi hizo walichanganya bati au zebaki ili gololi iwe ngumu zaidi. Aliyekosa madini alitia vipande vya chuma, hata miguu ya sufuria, na mitutu mingi ilipasukia mikononi mwa watu kwa sababu hiyo.

Halafu likaja jambo ambalo vitabu vya uwindaji hulitaja kwa aibu au havilitaji. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuwauzia Waafrika bunduki za kisasa katika eneo kubwa la bara hili, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Magobori ya gumegume na baruti nyeusi yaliachwa, chini ya masharti. Ukweli ni kwamba katika miaka hiyo hiyo teknolojia ya risasi ilikuwa ikipiga hatua kubwa kuliko zote, na mlango ukafungwa palepale. Aliyeshuka melini Mombasa alikuja na risasi mpya. Aliyezaliwa Ganze au Marafa alibaki na kalibu, au alirudia mshale.

Hatua hiyo ya teknolojia inastahili kuelezwa. Mwaka 1882 Eduard Rubin wa Uswisi aliivika risasi koti la shaba. Mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alipata baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu mara kadhaa kuliko ile nyeusi. Vitu hivyo viwili vilihitajiana, kwa maana kwa mwendo mpya madini ya risasi bila koti yangekwanguka na kuziba mifereji ya mtutu. Ghafla risasi ikawa nyembamba, ndefu, yenye mbio. Ndipo likazuka swali linalowasumbua wawindaji hadi leo: koti lifunike kiasi gani? Likifunika mwili mzima, risasi inabaki ngumu na inazama ndani sana. Ukimpiga swala inapita upande wa pili na yeye anaendelea kukimbia. Pua ikiachwa wazi, risasi inafunguka mwilini na kumwangusha haraka, lakini kwenye bega la nyati inaweza kusambaratika kabla ya kufika moyoni. Mkutano wa The Hague wa 1899 uliharamisha vitani risasi zinazofunguka. Wawindaji wakaendelea nazo, wakisema kwamba kumuua mnyama haraka ni wajibu, nami naona hapo walikuwa na haki.

Kijana wa Kiskoti, W. D. M. Bell, alishuka Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1890, akaanza kwa kazi kwenye reli. Baadaye alijulikana kwa jina la Karamoja Bell na aliua ndovu zaidi ya 1,000. Sitaki kumpigia makofi kwa hesabu hiyo. La kujifunza ni kwamba wengi wao aliwaua kwa bunduki ya .275 (kipenyo cha mtutu kwa inchi), ambayo wenzake waliona inafaa swala. Wao walibeba .577, yenye risasi ya karibu gramu 49 na teke la kumlaza mpigaji. Ya Bell ilikuwa na gramu 11 na kitu, imefunikwa mwili mzima, pua ya mviringo, ndefu kwa unene wake. Urefu huo ndio siri. Risasi nyembamba na ndefu ina uzito mwingi nyuma ya tundu dogo, kwa hiyo hupenya bila kupinda, mradi mifereji ya mtutu iizungushe ya kutosha. Katika bunduki nyingi za Mauser za milimita 7, ambazo ndizo hizo .275, mzunguko mmoja hukamilika kwa sentimita 22 hivi. Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno kujua ubongo umekaa wapi. Aliacha bunduki nyingine aliyoipenda kwa sababu risasi zake zilikuwa na kasoro, akahamia zile za Kijerumani zilizolipuka kila mara. Kwa maneno mengine, alifikiri kama Mwaata, ila hakuwa na sumu.

Risasi hizo mpya zilirudi pwani kwa kazi nyingine. Agosti 1914, baada ya serikali ya kikoloni kuilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, wale waliokuwa wameitikia mwito wa Mekatilili wa Menza wa kuupinga utawala huo walipambana na askari wa KAR, jeshi la kikoloni. Upande mmoja mishale, upande mwingine .303. Wagiriama kama 150 waliuawa, wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuhamishwa kutoka kaskazini ya Sabaki. Mishale ile ile iliyomlaza ndovu kwa hatua ishirini haikuwa na jibu kwa mtu aliyesimama hatua mia tatu.

Baada ya hapo pwani ikawa mahali pa wawindaji kupumzikia. Denys Finch Hatton, mwindaji wa kuongoza safari, alikuwa na nyumba Takaungu, na alikuwa ametokea huko siku chache kabla ndege yake haijaanguka Voi, Mei 1931. Mapema mwaka 1934 Ernest Hemingway, aliyemaliza safari yake ya Tanganyika na bunduki ya Springfield, alikuja Malindi kuvua samaki. Kwa bunduki, upepo wa Malindi ni adui. Fataki za zamani, zile zinazowasha baruti ya risasi, ziliacha ndani ya mtutu chumvi inayonyonya maji hewani. Nairobi ungeweza kulala bila kuosha. Malindi kutu ilianza usiku huo huo. Dawa ilikuwa maji ya moto, kisha mafuta, kila jioni. Mafuta peke yake hayayeyushi chumvi, na mitutu mizuri ilioza kwa kutojua hilo.

Sasa tuifungue risasi nzima. Ina ganda la shaba ya manjano, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa mbele. Ganda huweza kutumika tena: linasafishwa, linarudishwa umbo, linatiwa fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Kenya ya ukoloni haikuhangaika sana na kazi hii, maana kiwanda cha Kynoch cha Birmingham kilileta kila saizi. Halafu maganda ya Kiingereza yalikuwa na fataki ya mtindo wa Berdan, ngumu kung'olewa. Miaka ya 1960 Kynoch iliachana na risasi za bunduki kubwa, na bunduki za thamani zikabaki hazina chakula.

Pengo lilijazwa na .458 ya Winchester, iliyotoka mwaka 1956, bei nafuu. Karatasini ilikuwa na kichwa cha gramu 32 kikienda mita 650 kwa sekunde. Ila ganda lake lilikuwa fupi. Baruti ilishindiliwa, ikakaa ikigandamana, na risasi zilizopimwa baadaye zilikuwa chini sana ya ahadi. Nyingine hazikufika mahali pa kuua. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alirefusha ganda na mwaka 1971 akatoa .458 yake. Wasioweza kungoja walijijazia wenyewe, na hapo uchaguzi wa kichwa ukawa kitu cha kufa na kupona.

Kwa nyika ya Galana maswali yao yalikuwa ya wazi. Mnyama gani, na kichwa kizame kiasi gani? Je, mzunguko wa mtutu unakiweza kwa urefu wake? Kimebanwa vizuri kwenye shingo ya ganda, au teke la risasi ya kwanza litakisukuma ndani ya ganda? Wapo waliodhani vichwa viwili vya uzito mmoja ni kitu kimoja. Kimoja cha madini ya risasi na koti, kingine cha shaba tupu. Cha shaba ni kirefu zaidi, kinakula nafasi ya baruti, na kwa kipimo kile kile cha baruti msukumo unapanda. Ongeza joto: risasi zilizoachwa juani ndani ya Land Rover huko Galana hazina msukumo sawa na zile zile zikipigwa asubuhi ya baridi ya Nanyuki. Watengenezaji wa zamani wa Uingereza walilijua hilo, wakazifanya risasi za nchi za joto kuwa na msukumo mdogo makusudi. Aliyenakili kipimo cha mtu wa Montana, Marekani, bila kufikiri alijitafutia balaa.

Wakati wazungu wakibishana juu ya vichwa, Mwaata alikuwa anakamatwa. Kuanzia 1956 maafisa wa wanyamapori David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha msako wa kuwamaliza wawindaji wa mishale katika Tsavo, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1948, na mamia walifungwa. Maafisa hao hao walikiri kwamba hawajaona wawindaji hodari kama hao. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, chini ya afisa Ian Parker, wa kuwapa Waata uwindaji halali wa ndovu. Wazo lilikuwa zuri, lakini utekelezaji ulikuwa kiini macho, kwa sababu aliyepiga ndovu alikuwa afisa kwa bunduki, na Mwaata akawa mwajiriwa wa kufuata nyayo na kuchuna ngozi. Mwishoni mwa muongo huo ardhi ilikodishwa kwa ranchi ya ng'ombe na ya wawindaji wa kulipa.

Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa kistarehe nchini kote, na vichwa, vipimo na maganda vikakosa kazi. Ndovu hawakupona. Walioingia na bunduki za kijeshi zinazomimina risasi mfululizo hawakuchagua chochote. Risasi zao zilitengenezwa kwa ajili ya binadamu, na upungufu wake waliufidia kwa wingi. Ndovu wa Tsavo, waliokadiriwa kuwa 35,000 katikati ya miaka ya 1970, walibaki kama 6,000 mwaka 1988. Katika karne zote za sumu hapakuwahi kutokea hasara ya namna hiyo.

Leo Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtia hatiani Mwaata anayewinda kwa uta na yeyote anayetega paa katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haihusu bunduki peke yake: risasi moja bila cheti ni kosa. Basi ukikuta katika sanduku la marehemu babu, Kaloleni au Mambrui, risasi za zamani zenye ukungu wa kijani, usizigonge, usizitie motoni, wala usimwachie mtoto achezee. Fataki hukaa hai miaka mingi. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu nawe, nao waje wazichukue.